Mahindi, Mgeni wa Taifa

Wale wanaosema nchi yetu ina njaa ni wachochezi, na wengi wao wamekwisha kuelimishwa. Nchi yetu haina njaa. Ina wilaya moja tu, Kiangazi, ambayo chakula hakijaifikia, na hilo si suala la chakula bali ni suala la barabara. Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina liko kwenye kamati, linatafutiwa lingine lenye heshima zaidi, na si adabu kulitumia likiwa kwenye matengenezo.

Mwaka ninaousimulia, mkoa wetu wa Magunia, kule juu kwenye baridi, ulivuna mpaka ikawa kero. Mahindi yalijaa maghalani, yakajaa madarasani, yakajaa kanisani mpaka waumini wakawa wanasali wamesimama. Kuku walitupiwa punje wakageuza shingo. Wakati huohuo, kule Kiangazi mvua ilikuwa haijanyesha misimu mitatu, na watu walikuwa wakichemsha mizizi ya mti ambao hata mbuzi huukwepa. Mtu mwenye akili fupi angesema: pakieni hapa, mkashushe kule. Lakini serikali si mtu mwenye akili fupi.

Kiongozi wetu, Baba wa Ghala, alifunga safari mwenyewe mpaka Magunia kwenda kuyaona mahindi. Aliyatazama, akalipigapiga gunia moja kama mtu anayembembeleza mtoto, kisha akapanda jukwaani.

"Mahindi haya," alisema, "yasije yakaitwa mzigo! Mzigo hubebwa na punda. Haya yanakwenda kwa ndugu zetu yakiliwakilisha taifa zima. Kuanzia leo, natamka, mahindi haya ni mgeni wa taifa!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mimi nililia. Sikuwahi kusikia nafaka ikisemwa vizuri namna ile.

Neno la Baba wa Ghala halianguki chini. Jua halijatua, neno lilikuwa limeshakuwa mwongozo. Na kwa kuwa sisi ni watu wakarimu, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kwetu mgeni hapiti mlangoni pa mtu bila kukaribishwa. Akikaribishwa huketishwa, akiketishwa hulishwa, na hali peke yake, maana kumwachia mgeni ale peke yake ni kumfukuza. Haulizwi aendako kabla hajanawa mikono. Akiondoka husindikizwa. Mwongozo uliagiza kwamba heshima hizo zote apewe Mgeni katika kila wilaya ambayo lori litapita.

Mimi niliteuliwa kuwa Mpambe wa Mgeni. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele kwenye lori, kuangalia mahindi yasivunjiwe heshima, na kujibu hotuba kwa niaba yake, maana mahindi, pamoja na sifa zake zote, si msemaji. Watu wakanipa jina la Bwana Itifaki. Sikulikataa.

*

Dereva aliitwa Gwakisa, mtu mzima wa kwetu Magunia, mwenye mikono mipana na ulimi usiojua kuremba. Lori lake lilikuwa na tela refu na turubai la bluu lililotiwa viraka. Hakuna aliyemteua. Alijipeleka mwenyewe kuomba safari ile, na siku ya kupakia alizunguka tela akiwaambia wapagazi neno moja tu: harakisheni. Walipotaka kusimama wapige picha na gunia la kwanza, aliwafokea. Nikaona huyu mtu ana kasoro ya malezi.

"Mzee," nikamwambia tulipokaa kwenye kabini, "mgeni wa taifa hafukuzwi mbio. Haraka ya nini?"

Alinitazama kwanza.

"Binti yangu Tusekile ameolewa Kiangazi," akasema. "Amejifungua majuzi. Jana kanipigia simu. Kasema, 'Baba, maziwa yamekata. Mtoto ananyonya, anaachia, ananitazama.' Haya, niulize tena haraka ya nini."

Nilimpa pole. Nikamweleza kwamba serikali inawatambua akina mama wanaonyonyesha na kila mwaka wana siku yao, yenye fulana. Aliingiza gia kwa nguvu mpaka kofia yangu ikaangukia miguuni.

*

Wilaya ya kwanza ilikuwa Vigelegele. Tuliikuta kwaya ya akina mama imesimama katikati ya barabara, safu nne, imefunga lami kutoka mtaro hadi mtaro. Gwakisa akapiga honi. Kwaya ikadhani ni ala, ikaipokea kwa sauti ya tatu.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Desideri Makorongo, alikuwa mnene wa mwili na wa sauti. Alitupita mimi na dereva, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye tela, akavua kofia, akaliambia turubai: "Mheshimiwa Mgeni, karibu sana. Jisikie uko nyumbani. Nyumba ni yako, sisi ni wapangaji tu!"

Nikajibu kwa niaba ya Mgeni kwamba amefurahi, na kwamba hewa ya Vigelegele imemkubali.

Likaja suala la chakula. Mwongozo uliagiza Mgeni ale pamoja na wenyeji. Haukusema chakula kitatoka wapi. Fungu la karamu lilikuwa bado liko njiani kutoka makao makuu, na lilikuwa njiani tangu utawala uliopita. Wilaya nyingine zingetaharuki, lakini Mheshimiwa Makorongo hakuwa mtu wa kutaharuki.

"Wahenga walisema, mgeni aje mwenyeji apone," alitangaza. "Mgeni amekuja. Ndugu zangu, tupone!"

Turubai likafunguliwa upande mmoja, magunia yakateremshwa, mashine ya kusaga ikaanza kulia nyuma ya boma. Ugali ulisongwa kwenye masufuria ya shule, na wapishi walitumia miiko ya kuchanganyia saruji. Ilikula kamati ya mapokezi, ikala kamati ya kuisimamia kamati ya mapokezi, wakala watu wa vipaza sauti, wakala na ndugu waliokuja kuwachukua. Sahani ya Mgeni ilitengwa mbele ya tela, ikafunikwa kwa kawa. Baadaye aliila Mheshimiwa Makorongo, kwa niaba.

Gwakisa hakugusa. Alikaa ameinamia magoti, akatazama masufuria yakipita.

"Hawa nao wana njaa?" akaniuliza.

"Hapana," nikamjibu. "Hawa ni kamati."

Kesho yake tulisindikizwa. Kwetu, ukimwacha mgeni aondoke peke yake, majirani watakusema mpaka uhame. Wilaya nzima ilitembea mbele ya lori mpaka mpakani, ikiongozwa na Mheshimiwa Makorongo, ambaye ana goti bovu. Lori lilikwenda mwendo wa goti hilo. Gwakisa alishika usukani kwa mikono miwili, na mshipa wa shingo yake ukawa unapiga nikiuona.

*

Baada ya mpaka huo kuna mizani, ambapo kila lori lazima lipimwe ili barabara isidhurike. Mkuu wa mizani, Bwana Gerevasi, alikuwa mtu mwembamba, mwadilifu kupita kiasi. Inasemekana aliwahi kumpima mkwewe. Tulipopanda mizani alisoma namba, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Uso ukamshuka.

"Mgeni amepungua," alisema.

"Amepunguaje?" nikauliza.

"Amekonda! Katoka Magunia ana afya tele. Kalala Vigelegele tu, amekonda hivi! Watu watasemaje? Watasema tumemnyima chakula!"

Sijawahi kuona ofisi ya umma ikihangaika vile. Mheshimiwa Makorongo alipigiwa simu, akaja na pikipiki, goti na yote. Alipoambiwa, alishika kichwa. Kuyala mahindi hakukumsumbua, maana aliyala kwa mujibu wa mwongozo. Lakini mgeni kukondea mikononi mwake ilikuwa fedheha ambayo ukoo wake ulikuwa haujapata kuiona. Kikaitwa kikao cha dharura, na Afisa Lishe naye akaitwa.

Afisa Lishe alishauri mchanga. Alisema mchanga una uzito mzuri, hauozi, hauliwi na panya, na unapatikana katika kila wilaya bila kuagizwa nje. Wajumbe wakampongeza. Naomba ieleweke kwamba haukuwa mchanga wa ovyo. Ulichekechwa. Niliuona kwa macho yangu ukichekechwa kwa chujio la chai, maana sisi si watu wa kudanganya. Ukajazwa kwenye magunia yaleyale, ukashindiliwa, ukashonwa kwa uzi wenye rangi za bendera.

Gwakisa alimkamata mmoja wa waliokuwa wakishona, akamkunja ukosi. "Mtoto atakunywa uji wa mchanga? Ee? Nijibu!"

Bwana Gerevasi ndiye aliyejibu, kwa upole. "Mzee wangu, usitupandishie sauti. Mimi nimeajiriwa kupima uzito. Suala la shibe lina idara yake."

Lori likapimwa tena, likawa na uzito uleule wa Magunia. Bwana Gerevasi akapumua. "Sasa ana afya," alisema, na akalipigia tela saluti.

Mimi nilimtuliza dereva. Nilimwambia mchanga ule ni wa muda, na kwamba wenye nchi wanajua watendalo. Nilikuwa naamini hivyo, na hata leo sijui ni nani angenishauri niamini vingine.

*

Habari njema husafiri. Wilaya zilizofuata zilikuwa zimeshajua utaratibu wote, kwanza Mgeni anapokewa, halafu analiwa, halafu ananenepeshwa, halafu anasindikizwa, na kila moja ilitaka kuipita iliyotangulia. Wilaya ya Pongezi ilimtembeza Mgeni kwenye miradi. Lori lilipelekwa kuzindua choo cha soko. Kwa kuwa mahindi hayana mikono ya kukatia utepe, Gwakisa aliamriwa aupasue kwa bampa.

Wilaya ya Shukrani ilitaka Mgeni apande mti wa kumbukumbu. Safari hii bampa halikufaa, kwa hiyo alipewa dereva jembe. Alikuwa amekwisha chimba shimo na ameshika mche mkononi simu yake ilipoita. Alijibu akiwa amepiga magoti, na kwa kuwa simu yenyewe ilikuwa ya kupaza sauti, tulisikia sote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto?"

"Yupo. Halii tena sana." Sauti ilikuwa ndogo. "Baba, mko wapi?"

Gwakisa aliutazama mche. Alitazama viti vya wageni waalikwa, hema, mpiga picha aliyekuwa akimwashiria atabasamu.

"Tuko Shukrani," alisema. "Tunapanda mti."

Kisha Tusekile akasema, "Haya, baba," akakata mwenyewe. Watu wakapiga makofi, maana mche ulikuwa umesimama wima. Mimi pia nilipiga, lakini nakiri makofi yangu hayakuwa na nguvu ya siku zote.

Jioni ile Gwakisa alizunguka tela akibonyeza magunia mojamoja. Kabla ya kuondoka aliingia kabini akihema. Nilipokaa, nikahisi kitanda cha nyuma ya viti kimepanda juu, na godoro limekuwa gumu kama lina mtu chini yake. Sikuuliza. Mimi ni mpambe wa kilichoko kwenye tela, na mambo ya kitandani kwa dereva hayamo kwenye mwongozo.

Wilaya ya mwisho kabla ya Kiangazi inaitwa Mtakuja. Pale Gwakisa aliamua kutosimama. Alikanyaga mafuta mteremko mzima, miti inakimbia nyuma, mimi nimeshika dashibodi namkumbusha madhara ya kinidhamu. Chini ya mteremko tukaiona kwaya. Imesimama barabarani, khanga sare, midomo wazi. Haikusogea. Breki zilipiga kelele, tela likayumba, lori likasimama karibu kabisa na mama wa safu ya kwanza, mpaka moshi wa matairi ukamfunika.

Gwakisa aliteremka, akavua kofia. "Mama zangu," alisema, "nawaomba. Nina mjukuu kule mbele. Nipisheni."

Kwaya ilimtazama. Yule mama wa mbele, mtu wa makamo mwenye uso wa mkulima, alisogea akamnong'oneza: "Baba, tukikupisha, majina yetu yatasomwa mkutanoni. Lakini tunaweza kuimba haraka."

Wakaimba haraka. Beti zote za kumsifu Baba wa Ghala, pamoja na ile ndefu ya barabara na mashimo yake, zilikwisha kabla vumbi halijatua, na yule mama jasho linamtoka. Sijaona wema wa namna ile katika utumishi wangu wote. Kwa bahati mbaya hotuba ya Mkuu wa Wilaya haikuwa na mwendo wa haraka.

*

Tuliingia Kiangazi asubuhi, kwa uzito kamili.

Kiangazi nao walikuwa wamepata mwongozo. Waliandaa mapokezi. Walisimama mstari mmoja pembeni ya barabara, hawakuifunga, na wimbo wao ulikuwa wa chini mpaka niliudhania upepo. Mwenyekiti wao, Mzee Chilongani, alikuwa mrefu, na suti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Nilidhani ameiazima. Baadaye niliambiwa ni yake, ila yeye ndiye aliyepungua ndani yake.

"Karibuni," alisema. "Karibuni, karibuni mnawe."

Tukaketishwa kwenye mkeka. Pakaletwa ugali, mdogo, mweupe, wa moto, na bakuli la mlenda. Watu wote wakasimama kutuzunguka, na hakuna aliyekaa kula pamoja nasi. Nikajua wanavunja mwongozo, nikataka kuwarekebisha. Kisha nikamwuliza Mwenyekiti unga wameutoa wapi.

"Ni mbegu, bwana," alisema. "Tulikuwa tumeificha ya kupandia. Tumekaa nayo, watu wamekufa, hatukuigusa. Lakini mwongozo umesema mgeni hapiti bila kula. Na maadam mahindi yamefika, mbegu ya nini tena? Tukaisaga. Kuleni, msione haya."

Katika safari nzima, hao walikuwa watu wa kwanza kumlisha mgeni kwa chakula chao wenyewe. Nilikuwa nimekwisha kumega tonge. Nililirudisha pale nilipolimega. Gwakisa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na nilichelewa kuelewa kwamba analia.

Tusekile akatoka katikati ya watu. Nilimtambua kwa paji la uso, lilikuwa la baba yake. Khanga aliyombebea mtoto ilikuwa imelala bapa kifuani pake kana kwamba haikufunga kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Gwakisa alifunua pembe ya khanga, akatazama, akaifunika. "Marahaba, mwanangu."

Mzee Chilongani alikuwa ameshatoa kisu. Vijana walikuwa wameshapanda kwenye tela na kulifungua turubai. Gwakisa alinyanyuka haraka, akainua mikono yake mipana juu. "Msifungue," alisema. "Ndugu zangu, ngojeni kwanza niwaambie. Msifungue."

Lakini nani angengoja? Kisu kilipita kwenye uzi wenye rangi za bendera, na mchanga ukamwagika chini.

Bibi mmoja alisogea akapiga magoti, akaanza kuuchimbua kwa mkono taratibu, akiusogeza kando, akidhani mahindi yako chini yake. Alichimba mpaka akafika kwenye ardhi, akaendelea kidogo, halafu akaacha. Wakafungua gunia la pili. Wakafungua la tatu. Yule bibi alikwenda kwa kila gunia, akachimba.

Mfukoni nilikuwa na hotuba ya Mgeni ya kushukuru. Niliionea haya, kama mtu aliyekutwa na nguo ya marehemu.

Redio ya Mzee Chilongani ilikuwa kwenye kigoda, imefungwa kwa mpira isipasuke. Ikatangaza. Shehena yote, ilisema, imewasili Kiangazi ikiwa na uzito uleule ilioondoka nao, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya usafirishaji wa mazao. Kwa hiyo, kuanzia saa hiyo, Kiangazi si miongoni mwa wilaya zenye upungufu, na hakuna lori jingine litakalotumwa. Wananchi wanaombwa kula kwa kiasi.

Mzee Chilongani aliizima. "Basi tumeshiba," aliwaambia watu wake. Wachache walicheka, kwa kumheshimu.

*

Gwakisa aliingia kabini. Niliposikia godoro likitupwa chini nilijua anachotafuta. Alitoka na gunia begani, akalishusha mbele ya binti yake. "Hili halikupokewa na mtu," alisema.

Lilikuwa la mahindi. Walisaga kwa mawe, wakachemsha uji, akina mama wenye watoto wakatangulia, kikombe kimoja kwa kila mtu. Tusekile alikunywa ameketi kivulini pa gurudumu, baba yake amesimama juu yake mpaka alipokimaliza, kisha akamwongezea chake. Mchana mtoto alilia, kilio chembamba cha hasira, na wanawake wote wakageuka wakatabasamu.

Lakini gunia ni gunia. Hata mimi, mtu wa mwongozo, niliona kwamba kesho hakutakuwa na kikombe.

Gwakisa alipanda kwenye tela, akaanza kuyasukuma magunia ya mchanga chini, moja baada ya jingine. Vijana wakamsaidia. Mimi nilivua koti nikamsaidia. Tela lilipobaki bila gunia hata moja, alisimama ukingoni.

"Pandeni," alisema.

"Twende wapi?" akauliza Mzee Chilongani.

"Magunia. Mahindi yameshindwa kuwafikia. Nyie yafikieni."

Mzee Chilongani alifikiri. "Tukisimamishwa?"

"Kwa lipi?" alisema Gwakisa. "Nyie si mgeni wa mtu."

Wakapanda. Hawakuwa na vitu vya kubeba, kwa hiyo haikuchukua muda. Wazee wawili watatu walikataa, wakasema hawawezi kuyaacha makaburi peke yake, wakabaki wamekaa kwenye malundo ya mchanga wakitupungia mkono. Nafasi yangu ya mbele nilimpa Tusekile. Sijui nani aliniagiza. Mimi nilisimama nyuma, katikati ya watu, nimeshika bomba la tela, na yule bibi wa kuchimba amenishika mkono wa shati.

Tulipita Mtakuja, tukapita Shukrani, tukapita Pongezi. Vitambaa vya kumkaribisha Mgeni vilikuwa bado vinaning'inia barabarani. Hakukuwa na kwaya. Maofisa walitutazama kutoka madirishani, wakafungua mwongozo, hawakuona kifungu chochote kuhusu watu, wakarudi kunywa chai. Hakuna aliyetuuliza kama tumekula. Gwakisa alikwenda kasi, na upepo ulikuwa mkali, na watoto waliwekwa katikati.

Tukafika kwenye mizani. Hapo hapapitiki bila kupimwa, hata uwe nani. Lori lilipanda juu ya bamba la chuma, likatulia. Turubai tulikuwa tumelikunja. Tulisimama wazi juani, watu wa wilaya nzima, tumebanana kutoka kabini hadi mwisho wa tela, tumeshikana ili tusianguke.

Bwana Gerevasi alitoka. Alisoma namba. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, maana ni mtu mwadilifu.

"Tupu," alisema.

Gwakisa alitoa kichwa dirishani. "Bwana, tazama nyuma."

"Mzee wangu, mimi natazama mizani," alisema Bwana Gerevasi, bila ubaya wowote. "Mizani inasema lori tupu. Pita."

Kizuizi kikainuliwa. Yule bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, alinivuta shati.

"Kasema nini yule bwana?"

Mimi, niliyeyasemea mahindi mbele ya wakuu wa wilaya wote, nilimwinamia sikioni. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu na sikusikia uzito wake.

"Amesema tupite, mama," nikamwambia.